Fundi Alisema Amefunga

Inspekta Ngendo hakuwa amelala vizuri kwa sababu ya jino, na jikoni kwa Zacharia hakukuwa na mahali pa kukaa. Viti vyote vilikuwa vimepelekwa nje kwenye hema la waombolezaji. Basi alisimama, akaegemea friji, akaitazama meza iliyomuua Rachael.

Wenye nyumba waliiita ailandi. Ni ile meza ya kujengewa katikati ya jikoni, isiyogusa ukuta wowote, ambayo siku hizi kila anayejenga Ruiru lazima awe nayo hata kama jikoni lenyewe watu wawili hawapishani. Hii ilikuwa na fremu ya chuma na graniti juu. Ubavuni ilikuwa imetobolewa mahali pawili, na katika kila tundu mlikuwa na kisanduku cha soketi kisicho na kifuniko. Nyaya zilichungulia nje. Waya mmoja, ule wenye moto, yaani unaopitisha stima, ulikuwa umelalia chuma.

Hapo hapakuhitaji mpelelezi. Mhandisi aliyeletwa siku ya pili alikuwa ameeleza yote huku akitafuna chingamu: fundi alipitisha waya chini ya sakafu, akafunga visanduku, lakini waya wa ardhini hakuuunganisha na vifuniko hakutia. Stima ilipoingia, meza nzima ilikuwa na moto. Rachael, mke wa Zacharia, alikuwa ameiegemea. Swali lililobaki lilikuwa fupi na la kuchosha. Nani aliingiza stima?

Kwa Sajini Kiama jibu lilikuwa tayari, tena lilikuwa ndani ya seli ya kituo cha Ruiru. Jibu hilo liliitwa Mwau, fundi wa stima kutoka Landless, kule Thika. Kesho asubuhi lingepelekwa kortini kushtakiwa kwa kusababisha kifo. Kiama alikuwa kijana mwenye viatu vya kung'aa, na alipenda faili inayofungika.

"Madam, hii imeisha," alisema. "Yule mama mzee wa Zacharia alisikia na masikio yake. Fundi alimwambia amefunga soketi za ailandi. Sasa kama amefunga, si amemaliza? Rachael angejuaje bado ni hatari?"

"Mwau anasema aliacha stima ikiwa imezimwa."

"Na ulitaka aseme nini?"

Ngendo alitoka hadi kwenye korido, akasimama chini ya sanduku la swichi. Lilikuwa limewekwa juu ya mlango wa jikoni, na kifuniko chake kilikuwa kimevunjika zamani, kwa hiyo zile swichi ndogo ambazo mafundi huziita breka zilikuwa wazi, zimejipanga kama meno. Alijinyoosha ili azifikie. Kwa mujibu wa Mwau, jioni ya kuamkia kifo, kabla ya kwenda zake, aliteremsha breka ya ailandi, akabandika juu yake kipande cha tepu nyekundu ili mtu asiiguse, akaenda Thika kutafuta vifuniko ambavyo Ruiru alivikosa. Lakini Zacharia alipomkuta mkewe chini na kukimbilia sanduku, alizima ile swichi kubwa, na alikumbuka vizuri kwamba breka zote zilikuwa zinatazama juu. Tepu nyekundu hakuiona. Hakuna aliyeiona.

Ngendo alikuwa ameitafuta tepu hiyo kwenye pipa la taka, kwenye beleshi la kuzolea takataka, chini ya mazulia. Sasa alipiga magoti akachungulia chini ya friji. Hakukuwa na kitu ila kofia ya chupa na mende mmoja aliyekufa kwa sababu zake mwenyewe. Alipoinuka, jino lilimkumbusha kwamba bado lipo.

Kwa siku mbili alikuwa amemfuata Zacharia. Ndivyo kazi hii ilivyo, mke akifa unaanza na mume. Majirani walisema wawili hao walizozana kuhusu zile soketi, na ndani ya gari la Zacharia kulipatikana tepu nyekundu, nzima kabisa. Kwa nusu saa Ngendo alidhani amepata mtu. Halafu akagundua kwamba tepu ile ilikuwa bado kwenye nailoni yake ya dukani, haijawahi kukatwa. Na ule ugomvi, Zacharia aliukubali bila kulazimishwa. Rachael alioka keki za harusi, na mashine yake ya kukoroga ilitumia waya mrefu uliotambaa kutoka ukutani hadi mezani. Mama yake Zacharia, ambaye aliishi nao, alikuwa amejikwaa juu ya waya huo mara moja akaumia nyonga. Zacharia alitaka mashine ihamie kando ya ukuta. Rachael alikataa. Alisema atatoa huo waya njiani, lakini kwa kuleta stima kwenye ailandi, mama atembee bila wasiwasi.

"Mke wangu alikuwa na kichwa ngumu," Zacharia alikuwa amesema.

Rachael mwenyewe je? Angeweza kuinua breka kwa mkono wake. Lakini alipoanguka, unga wa keki ulikuwa umemganda hadi kwenye viwiko, mweupe na wenye siagi. Ngendo alipitisha kidole kwenye sanduku tena, kila swichi. Vumbi tu. Mtu mwenye mikono ile hagusi kitu akakiacha safi hivyo.

Kwa hiyo mume hakuwa, na marehemu hakuwa. Labda Kiama alikuwa sahihi, na breka haikuwahi kuteremshwa. Ngendo aliwaza kwamba angetaka sana Kiama awe sahihi, maana angeenda nyumbani kulala.

Sebuleni, mama yake Zacharia alikuwa akivuka kwenda dirishani. Aliitwa Warigia, mwanamke mfupi, mwembamba, kitambaa cha kanisa kichwani. Alitembea kwa mkongojo uliovishwa mpira chini, na kila alipouinua kutoka kwenye vigae ulitoa mlio mdogo wa kunata, kama mtu anayebusu mtoto. Ngendo alimpa pole tena. Mama alimshika mkono, akamuuliza kama amekula. Ngendo alisema amekula. Hakuwa amekula, ila mtu hawezi kumweleza mfiwa habari za jino lake.

*

Seli ya Ruiru ilinuka kama seli. Mwau alikuwa mtu wa makamo, mpole, shati lake limechafuka begani. Hakuinua sauti hata mara moja. Alirudia habari zile zile kwa mpangilio ule ule, breka, tepu, safari ya Thika, na Ngendo akaona kwamba amezirudia kwa watu wengi hadi yeye mwenyewe amezichoka.

Alimuuliza kwa nini hakumwambia Rachael. Mwau alisema Rachael alikuwa amepeleka keki kwa mteja, na gari la mwisho la kumfikisha dukani kabla duka halijafungwa lilikuwa linamwacha. Alimwambia mama mzee wa nyumba, basi. Na nyaya za wazi? Hapo aliinamisha kichwa. Alikubali kwamba angezifunika hata kwa tepu, kwamba hilo ni kosa lake na atalibeba.

"Lakini cucu, yule nyanya wa nyumba, nilimwambia na mdomo yangu," alisema. "Nilisimama hapo kwa mlango, nikamwambia, cucu, nimefunga soketi za ailandi. Nitarudi kesho."

Kiama, aliyekuwa ameegemea ukuta, alicheka kwa pua. Huyu mtu sasa alikuwa amekiri mara mbili. Nje kwenye ua alimuuliza Ngendo wanangoja nini.

"Funga ni funga, madam," alisema.

"Nataka kuona hiyo tepu yake anaitumia aje."

"Thika? Leo Jumapili?"

Ngendo aliingia garini peke yake.

*

Mke wa Mwau aliitwa Syokau. Walipanga chumba na nusu katika ploti moja ya Landless, safu mbili za vyumba vinavyotazamana na korido ya saruji katikati, na nguo zimeanikwa hadi usoni mwa mgeni. Syokau hakulia wala hakumlaumu mtu. Alimpangusia Ngendo kigoda, akamwekea chai, akauliza swali moja tu, kama kesho alete nguo safi kortini au hazitaruhusiwa. Ngendo alisema alete. Ilimuuma kusema hivyo.

Aliomba kuuona mkoba wa kazi. Syokau aliuleta. Bisibisi, koleo, vipande vya waya, na tepu nyekundu iliyobaki robo. Ngendo aliishika kwenye mwanga. Ncha yake haikukatwa kwa kisu. Ilikuwa na alama za meno.

"Hukata na meno," Syokau alisema. "Nimemkataza mpaka nimechoka."

Kisha akamwonyesha ukutani, kando ya kitanda. Palikuwa na swichi mbovu, na juu yake kipande cha tepu nyekundu kimebandikwa kwa kukingama. Ndivyo Mwau afanyavyo, alieleza. Ukiona nyekundu, usiguse. Hata watoto wa ploti wanajua. Ngendo aliitazama tepu ile kwa muda. Tabia ya mtu ya nyumbani haidanganyi kirahisi, na mtu anayeweka alama kwenye swichi yake mwenyewe hashindwi kuiweka kwenye ya tajiri wake. Lakini hiyo ingesimama vipi kortini mbele ya maneno ya mama mzee aliyefiwa? Fundi mwenyewe alisema amefunga. Ngendo alikunywa chai kwa upande wa kulia wa mdomo, akahisi amekuja Thika bure.

Ndani mlikuwa na giza kidogo, kwa hiyo taa ilikuwa inawaka. Ghafla ikazimika. Syokau hakushtuka. Alitoa kichwa nje ya mlango akaita kando ya korido:

"Nani amefunga stima?"

Sauti ya mwanamke ilijibu kutoka upande wa bafu kwamba ni yeye, anapiga pasi na hataki mita iruke kwa mzigo wa vyumba vyote, atafungua sasa hivi. Baada ya muda taa ikawaka.

Ngendo aliweka kikombe chini.

"Umemuuliza nini?" alisema.

"Nani?"

"Huyo jirani. Umesemaje?"

Syokau alimtazama kama mtu anayeogopa kwamba amevunja sheria asiyoijua. "Nimeuliza nani amefunga stima, madam. Nani ameizima."

Ngendo mwenyewe alikuwa amesema hivyo maisha yake yote. Funga taa, funga televisheni, funga hiyo simu tuko kanisani. Kila mtu kutoka Ruiru hadi Thika alisema hivyo, na kila mtu huyo huyo alisema fundi amekuja kufunga soketi, kufunga geti, kufunga mashine. Neno moja lilibeba kuweka na kuzima, na hakuna aliyewahi kujikwaa juu yake, mpaka lilipofika kwenye meza moja Ruiru. Mwau alimwambia mama kwamba amezima. Mama alisikia kwamba ameweka. Wote wawili walikuwa wamesema kweli kituoni, na polisi watatu waliiandika bila kuuliza, yeye akiwa mmoja wao.

Alishukuru kwa chai. Mlangoni alisimama kidogo. Lilimjia lile swali dogo ambalo hakuwa ameuliza mtu, na papo hapo alijua jibu lake, na akatamani asilijue. Mtu aliyesikia kwamba soketi zimewekwa na ziko tayari, kisha akaambiwa hazina stima, angefanya nini? Angeenda kutazama sanduku. Na kama sanduku liko juu na yeye ni mfupi, angelifikia kwa nini? Aliukumbuka mlio ule mdogo wa mkongojo kwenye vigae.

*

Waombolezaji wa mchana walikuwa wameondoka, wa jioni walikuwa hawajafika. Mama Warigia alikaa sebuleni na mwanawe. Redio ilikuwa ikiimba nyimbo za kanisa. Njiani kutoka Thika, Ngendo alikuwa amepanga jinsi tatu za kuanza mazungumzo haya, na alipokaa hakuna hata moja iliyofaa.

"Zaka," mama alisema, "hebu funga hiyo redio. Nataka kusikia vile huyu binti wa polisi anasema."

Zacharia aliinama akaizima. Ngendo akauliza, kwa upole alioweza, asubuhi ile Rachael akiwa jikoni, mama alikuwa wapi.

Mama alieleza yote. Hakuficha kitu, kwa kuwa hakujua kama kuna cha kuficha. Polisi walimuuliza habari za fundi tu. Alisema alikuwa amekaa hapo hapo, na Rachael alichomeka mashine yake kwenye soketi ya kujaribia ambayo fundi alikuwa ameiacha kwenye waya, ikakataa, akaanza kukanda kwa mikono huku akinung'unika.

"Akaniita. Mami, hii kitu haina stima. Nikamwambia haiwezi kosa, fundi alisema amefunga. Nikaenda kwa kale kasanduku. Moja ilikuwa inaangalia chini, na hizo zingine zote zinaangalia juu. Nikaisukuma na fimbo."

"Kulikuwa na kitu nyekundu hapo?"

"Macho yangu si ya kuona vitu vidogo." Aliupapasa mkongojo wake. "Nikamwambia, Rachael, jaribu sasa."

Zacharia, aliyekuwa akitazama sakafu, aliinua kichwa.

Ngendo aliomba mkongojo. Mama alimpa mara moja, kama anavyompa mgeni kikombe. Ngendo aliugeuza. Chini ya mpira palikuwa na kipande cha tepu, kimeliwa na vigae na kujaa uchafu, lakini nyekundu yake ilionekana bado. Ukingo mmoja ulikuwa mzima. Ulikuwa na alama za meno. Kwa siku zote za msiba, mama alikuwa ametembea juu yake, kutoka kiti hadi dirishani, kutoka dirishani hadi hemani, akipokea pole.

"Ni nini hiyo?" mama aliuliza.

Kuna maafisa wanaojua kusema mambo kama haya. Ngendo hakuwa mmoja wao, na siku hiyo alikuwa amechoka hata kutafuta maneno laini. Alisema kwamba hiyo ni alama ambayo fundi aliweka juu ya swichi, ili mtu asiiwashe, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha.

"Lakini alisema amefunga," mama alisema.

Mama aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha macho yake yakaenda kwenye redio, yakabaki hapo.

"Zaka. Nimekuambia ufanye nini na hiyo redio?"

Zacharia aliweka mkono juu ya redio. "Niifunge, maitu."

"Na ukafanya nini?"

Mkono wake ulikuwa bado juu ya redio, na hakuuondoa. Kwa siku kadhaa alikuwa amemchukia mtu mmoja kwa moyo wake wote, na chuki hiyo ilikuwa imemsaidia kusimama. Sasa haikuwa na pa kwenda.

"Mimi ndiye nilimwambia ajaribu," mama alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Na alikuwa anawekewa hiyo stima ndio mimi nisianguke."

Ngendo alitoka hadi kwenye korido, akasimama chini ya sanduku, akapiga simu. Alimwambia Kiama amtoe Mwau, ampe mkanda wake na viatu vyake, na ampigie Syokau simu asihangaike na nguo. Kiama alitaka kujua aandike sababu gani.

"Andika alikuwa amefunga."

"Madam, si hiyo ndiyo tumemshikia?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Nitakueleza nikifika." Alikata simu. Kuhusu zile nyaya za wazi, Mwau angekuwa na maisha yake yote ya kuziwaza. Kituo hakikuwa na adhabu kubwa kuliko hiyo.

Nje, watu wa maombi ya jioni walikuwa wameanza kuingia getini, na mmoja alianzisha wimbo kabla hata ya kufika hemani. Ngendo aliporudi sebuleni, mama alikuwa anajikakamua kuinuka. Alisema hawezi kuwaacha wageni wakae peke yao, kwamba atawaambia yeye mwenyewe, kabla hawajaambiwa na watu. Mkono wake ulitafuta kando ya kiti, mahali pa siku zote, ukashika hewa.

Mkongojo ulikuwa kwa Ngendo. Ulikuwa ushahidi, na hangeweza kumrudishia. Aliuhamishia mkono wa kushoto, akainama, akampa mama mkono wa kulia. Wakaondoka hivyo, polepole, kupitia jikoni, wakaizunguka ile meza bila kuigusa.